Karakana Juu ya Mkokoteni

Hali ilipokaza, watu waliacha kununua makochi. Bi Msumari, aliyepewa jina hilo kwa tabia ya kubana misumari midomoni akiwa kazini, aliiona karakana yake ikipoa kama uji uliosahauliwa. Maseremala wake wawili aliwaaga kwa machozi. Kochi la mwisho alilotengeneza lilikaa dirishani mpaka paka wa mtaani akazalia juu yake.

Asubuhi moja dalali alikuja kuchukua cherehani. Bi Msumari alikuwa akiipangusa taratibu, kama mama anayemwandaa mtoto kwa safari, mara akaingia wifi yake, dada wa mumewe, msusi mwenye mdomo usio na breki.

"Wifi, unauza mkono wako?"

"Nifanyeje? Nani ananunua kochi siku hizi?"

"Hakuna. Lakini umemwona nani aliyeacha kukaa? Makalio hayajui uchumi! Kochi langu lina springi inayonichoma mpaka wageni wanadhani nacheza ngoma. Njoo ulitengeneze."

Dalali akaangua kicheko. Bi Msumari akanuna. "Mimi naunda makochi, wifi. Sishoni viraka."

"Haya, basi shona njaa."

Neno lile lilimwingia. Akaitazama cherehani, akamtazama dalali. "Ndugu yangu, samahani kwa usumbufu. Haiendi popote."

Kesho yake cherehani, nyundo, sponji na mabaki ya vitambaa vilipanda mkokoteni. Mumewe, dereva wa lori aliyekosa mizigo, alisukuma. Wifi alitangulia akinadi. Bi Msumari alifuata nyuma, kichwa chini.

"Karakana imeota magurudumu!" akapiga kelele mwenye duka kubwa la fanicha, na barabara nzima ikacheka.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, ambaye kiti chake kilikuwa kimebonyea kama bakuli. Bi Msumari alikifumua palepale uani, akakaza springi, akavuta kitambaa, misumari midomoni, majirani wakichungulia. Mzee akakaa, akaegemea, akafumba macho.

"Baba, kuna kinachochoma?"

"Niache kwanza, mwanangu. Mgongo wangu umefika nyumbani."

Kabla hajafungasha vifaa, majirani walikuwa wameanza kutoa viti vyao nje. Tangu siku hiyo alitembea kichwa juu.

Sifa zikafika kwa msimamizi wa ukumbi wa mikutano, aliyekuwa akijiandaa kununua viti vipya kwa yule mwenye duka.

"Nipe safu moja tu," Bi Msumari akamwomba. "Ile mbovu kuliko zote."

Alipoimaliza, msimamizi akamwita mwenye duka aje kuikagua. Bwana yule, mwenye mwili wa haja, alijitupa kitini kwa kishindo. Akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia, akitafuta mlio. Akainama, akapapasa chini. Mwisho akanyanyuka akijifuta jasho.

"Kimekaza," akakiri.

"Basi ukumbi wote ni wako, mama," msimamizi akasema.

Siku ileile Bi Msumari alikwenda mwenyewe kubisha hodi kwa maseremala wake. Wifi naye akaleta wasusi wake waliokuwa wamekaa bure saluni, akidai kwamba vidole vinavyoweza nywele haviwezi kushindwa na uzi. Wakamcheka, kisha wakafundishwa, na kweli havikushindwa.

Siku ya kuufungua tena ukumbi, watu waliujaza, wakaketi wote kwa pamoja. Bi Msumari alibaki amesimama nyuma.

"Kaa basi, mke wangu," mumewe akamnong'oneza.

"Ngoja kidogo. Nasikiliza."

Umati ule wote, na hakuna kiti hata kimoja kilicholia. Bi Msumari akacheka kwa sauti, vichwa vikageuka. Wifi hakuweza kujizuia: akapiga kigelegele, na ukumbi mzima ukakipokea bila kujua sababu.