Mzazi wa Kibosho

Herieth aliamka akinusa mtori wa ndizi, akacheka peke yake kitandani. Baba yake, mzee Thadeus, alikuwa ameshateremka Moshi kununua nyama, na nyumbani hakukuwa na mtu ila yeye na kichanga chake. Nani basi alikuwa anapika?

"Mzazi halali njaa," ikasema sauti toka jikoni.

Mama yake akaingia na bakuli. Mama yake Salvina, waliyemzika migombani mwaka juzi.

Mwingine angepiga mayowe. Herieth furaha ilimpanda kichwani kama pombe ya mbege.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Kula, umekonda mno."

Akala huku mama akimsengenya jirani yao Elisifa kama zamani, mpaka Herieth akashika mbavu. Mtori ulishuka tumboni baridi kama maji ya mtoni. Hakujali. Aliyemlilia muda wote huo alikuwa ameketi kitandani pake!

"Haya, nipe mjukuu wangu nimbebe."

Akampa. Mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza ghafla, midomo ikapauka. Salvina akainuka, akashika njia ya mlango wa nyuma huku akimwimbia.

"Mama, unampeleka wapi?"

"Kwangu. Kule kuna upweke, Herieth."

Herieth akaruka kutoka kitandani, akampita mama yake mlangoni, akachuma jani la isale kwenye ua, akapiga magoti na kumnyooshea kwa mikono miwili. Uchaggani, anayeombwa radhi kwa isale hakatai, hata kama kinyongo ni cha damu.

"Nisamehe, mama. Nakupenda. Lakini mwanangu simtoi."

Uso wa Salvina ukakunjamana kwa hasira, mikono ikamkaza mtoto. Migomba yote ikatulia tuli. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika: alikuwa anacheka.

"Mjanja wewe! Umenishika pabaya."

Akamlaza mtoto mapajani mwa Herieth, akapokea jani, akazama migombani. Majani makavu hayakulia chini ya miguu yake.

Mtoto akaangua kilio. Herieth naye akaangua, kilio na kicheko pamoja, hadi mzee Thadeus akawakuta pale chini.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mama alikuja, baba. Nimemrudisha."

Mzee akaitazama migomba kitambo, akavua kofia.

"Na mimi," akauliza taratibu, "hakuniulizia?"

Herieth akacheka mpaka akashindwa kusimama, na mzee, akiwa amenuna, akacheka naye.