Kadi Iliyolia kwa Sauti ya Zulxumor

Jumamosi asubuhi, mjini Marg'ilon, Muhayyo alipanga kadi zake uani chini ya mzabibu, vitenzi vya Kiingereza safu moja, vya Kiuzbeki safu ya pili. Alikuwa mhadhiri, na tasnifu yake ililinganisha jinsi lugha hizo mbili zinavyotaja kucheka, kununa na kulia. Waingereza walikuwa na kitenzi cha kulia kama kitoto cha mbwa, na kingine cha machozi yasiyo na sauti. Alipofika kwenye ho'ngramoq, yaani kuangua kilio, aliikuta kadi imelowa.

Akayaonja maji yale. Chumvi. Alipokuwa akiandika hilo pembeni, kadi ikaanza kulia kwa kwikwi, kwa sauti ya Zulxumor, mke wa kaka yake. Zulxumor mwenyewe alikuwa anafagia, macho makavu.

Muhayyo aliipeleka kadi jikoni, kilio kikapungua. Akaipeleka langoni, kikapanda.

"Wifi, hii si sauti yako?"

"Ni yangu," alisema Zulxumor bila kuuacha ufagio. "Leo arobaini ya mama yangu. Iache ilie, mimi nina wageni."

Kijijini kwao Zulxumor palikuwa mwendo wa saa moja kwa basi. Aliomba ruhusa kwa mama mkwe tangu Jumatano, akanyimwa, kwa kuwa siku hiyo wanawake wangekuja kuitazama nyumba kabla ya kumtoa binti yao aolewe na mdogo wake Muhayyo, kitinda mimba wa nyumba hiyo.

Muhayyo alimwendea mama yake. "Mama, mwache aende. Chai nitamimina mimi."

"Nyumba ina mkamwana, halafu msomi wangu ndiye ashike birika? Watasema tumemfukuza. Nenda kanyamazishe karatasi zako."

Muhayyo aliifunika kadi kwa mto. Haikusaidia kitu.

Wageni watatu waliketi, wakamega mkate, wakasikiliza.

"Nani huyo analia?" aliuliza mkubwa wao.

"Mkamwana wangu. Ndiye huyu anayekumiminia."

Mgeni alimtazama Zulxumor, aliyeinama mkono mmoja kifuani, akimpa kikombe kwa mkono wa pili. Hakikutikisika.

"Afadhali wenu," alisema mgeni. "Wa kwangu alililia kwenye sufuria. Miaka miwili tumekula pilau ya chumvi tupu."

Wakakubaliana harusi iwe baada ya mavuno ya pamba.

Basi la mwisho la kijijini liliondoka wakati Zulxumor anasuuza vikombe. Kilio kilipanda hadi njiwa wakahama paa, kisha kikakatika. Muhayyo aliandika saa.

"Ulihisi nini, wifi?"

Zulxumor alifikiri. "Mikono ilikuwa na kazi."

Mama alipita na kapu la mkate uliobaki, akasimama karibu na kadi.

"Muhayyo, mwanangu, unazo kadi ambazo hazijaandikwa?"

"Zipo."

"Mtengee bibi harusi moja. Chagua iliyo nene."