Orodha Isiyo na Sura

Orodha ilifunguka kabla kaka hajainua kidole. Akaipitia, akarudia, akanigeuzia kiti.

"Baba hayumo."

Nikashusha pumzi. Baba alikuwa ametoka nyumbani, hakurudi. Asiyekuwamo kwenye orodha ya wagonjwa wa mji mzima, basi ni mzima, amepotea njia tu. Asubuhi ileile tukapanda basi kwenda alikozaliwa, maana mzee akianza kusahau huelekea utotoni.

Kasi ile ilikuwa fahari yetu. Kaka alitunza kompyuta iliyokusanya wagonjwa wa hospitali zote. Mimi, kwa mgongo wake, nilipata ufagio wa ofisi hiyohiyo. Zamani, ukiomba wagonjwa wapangwe kwa siku ya kuingia, taa ya mashine ilipepesa mpaka chai yako ikapoa.

"Fundi," mama wa mapokezi alikuwa akimchokoza, "hiyo mashine inapanga au imeshika mimba?"

Siku moja kaka aliniita, uso umemng'aa.

"Ona, mdogo wangu. Kumbukumbu ya mashine ni meza. Vitu vikienea mezani, inapanga papo hapo. Visipoenea, inavimwaga stoo, ndiyo diski, fungu kwa fungu, halafu inaanza kwenda na kurudi. Safari hizo ndizo zinazotuchelewesha."

"Si uongeze meza?"

"Meza ni ya wote. Nikimpa mmoja kubwa, mwingine atakosa pa kuweka hata kiwiko." Akacheka. "Kinachojaza ni picha. Kila jina limebeba sura yake mgongoni. Nimezitoa. Anayetaka sura abofye namba ya mgonjwa."

"Na waliookotwa, wasioweza kujitaja?"

"Wana namba."

Mkuu alimpa mkono mbele ya watu. Nami nikapiga makofi, ufagio kwapani.

Tulimtafuta kijijini wiki kadhaa, tukarudi mikono mitupu. Kaka hakuvua hata koti. Alikaa akaanza kubofya namba zisizo na majina, moja baada ya nyingine, mimi nyuma yake. Baba akatokea na shati lake la mistari, na kile kifungo nilichomshonea kwa uzi usiofanana. Hospitali yenyewe ni ile tunayoipita kila siku tukienda kazini. Alikuwa amelazwa tangu kabla hatujapanda basi. Chini ya picha waliandika kwamba amefariki, amezikwa na jiji.

"Hakuwa na jina," kaka alisema, kama anayejitetea kwa mtu asiyekuwepo.

"Sura alikuwa nayo."

Sasa picha zimerudi. Taa inapepesa, watu wanaguna dirishani, mkuu amekwishatoa onyo. Mama wa mapokezi hatanii tena. Kaka anakaa mbele ya kioo cha kompyuta, mikono mapajani, mpaka mashine imalize kubeba sura za watu.

Nikifika na ufagio, hunyanyua miguu nipite. Hayo ndiyo mazungumzo yetu.