Picha ya Baba Mkwe

Kompyuta ilipofika Tukuyu, wakubwa walituambia sasa huduma zitakwenda mbio. Zilikwenda, sikatai. Enzi za karani Hezron na mafaili yake ungeshinda pale ofisini na njaa mpaka jioni. Ila Hezron alikuwa mwenzetu, mambo yetu anayajua. Kompyuta haijui mkwe ni nani.

Wakati huo matibabu ya bure yalishakufa, na bila kadi mpya yenye picha hupati kitu hospitalini. Aliyefundishwa kutengeneza kadi ni mmoja tu, Atupakisye, binti wa kijiji cha Nkunga aliyeolewa Suma. Siku hiyo nami nikiwa kwenye foleni, akaingia mzee Ambindwile, anaongozwa na jirani, mtoto wa jicho kamfunika macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja wiki ile tu, wakiondoka ndiyo basi tena.

Atupakisye kumwona tu, akajitupia kitenge usoni na kutoka nje mbio. Ni baba mkwe wake. Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe wala halitaji jina lake. Wakikutana njiani, anajificha migombani. Leo amkalishe kitini, amkazie macho, ampige picha mbele za watu? Jamani, kuna aibu kuliko hiyo?

Watu wakaanza kunung'unika. Biubwa, muuza vitenge wa sokoni, akatunyamazisha, akasema hata kwao pwani wakwe wana heshima zao. Akaenda mlangoni, akaelekezwa na Atupakisye pa kubonyeza, akarudi. Mzee aliposikia kuwa mkwewe yuko karibu, naye akainamisha kichwa kwa heshima. Biubwa, mambo ya kamera wapi na wapi, akabonyeza hivyo hivyo.

Mzee alipoondoka, Atupakisye akarudi. Kazi yake ilikuwa kuikagua picha kwenye kioo cha kompyuta kabla ya kuikubali. Akakifunika kioo kwa kitenge, akageuzia uso ukutani, akakubali. Sote tulimwona, tukamsifu. Kalelewa huyu, tukasema.

Kadi zilichapwa Mbeya, zikapelekwa moja kwa moja hospitalini. Zamu ya mzee ilipofika, ya kwake ilikuwa na utosi wenye mvi, uso hakuna. Karani wa pale akasema hana ruhusa ya kupokea kadi hiyo, na nyingine itachapwa mwezi ujao. Atupakisye alikwenda kumwomba karani huyo, akapiga magoti, akalia. Wapi. Ijumaa madaktari wakaondoka, na mzee akarudishwa Suma kwa kushikwa mkono.

Jumapili akaomba kusimama kanisani kutoa shukrani. Tulidhani atalalamika, na ingekuwa afadhali. Akasema:

"Namshukuru Mungu kwa mkwe aliyenipa. Wengine wangenitazama."

Watu wakapiga makofi. Atupakisye alikuwa benchi la nyuma, kajifunika kitenge uso mzima. Nasi tuliokuwa kwenye foleni ile tulipiga makofi pia, huku tunaangalia sakafu.