Kambale Vital Wawili, Ukurasa Mmoja

Mwaka ule Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini walioko Lubumbashi walilala na simu mkononi. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, ndugu wametawanyika hadi Bunia na Kalemie, na habari zilifika vipande vipande. Ndipo parokia moja ya Kampemba ikamwomba Mardochée Mbuyi awatengenezee tovuti ya kutafutana.

Walimwomba yeye kwa kuwa alikuwa Mkasai, mtu wa mkoa wa Kasai, na Wakasai wa mjini humo wana sifa ya kusoma. Mardochée hakuipinga sifa hiyo hata kidogo. Mtu akimwita ingénieur, yaani mhandisi, alijibu, "Hapana, Mardochée tu," kwa sauti ya kumtaka arudie.

Programu zilizo tayari alizidharau, akaandika ya kwake. Waliojitolea pale parokiani waliandika habari za kila mtu katika faili dogo: jina, umri, jina la mama, mahali alipoonekana, na hali yake. Programu ililichukua jina la mtu, ikalifanya jina la ukurasa, ikatoa tovuti nzima kwa mpigo mmoja. Mstari wa jina la mama, Mardochée aliuficha usionekane kwa wasomaji, kwa sababu uliharibu mpangilio. Na majina mawili yakifanana je? Swali hilo lilimjia asubuhi moja akipiga mswaki. Akajijibu kwamba ukurasa mpya utafuta wa zamani, basi, programu isisumbue watu kwa maswali. Akasukutua, akasahau.

Sasa, Wanande, kabila la wengi wa wafanyabiashara hao, huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale, nyumba kwa nyumba, na ukiwa na jina la ubatizo linalopendwa kama Vital, basi wenzako wako tele. Tungeweza kumsamehe Mardochée kwa ugeni wake, lakini yeye mwenyewe ni Mbuyi, jina la kila Mkasai aliyemtangulia pacha wake duniani. Darasani kwao walikuwa Mbuyi watatu, na siku moja alichapwa kwa kosa la Mbuyi mwingine. Nyani haoni kundule.

Jumanne asubuhi alipigiwa simu na Paulin, karani wa parokia.

"Ingénieur, ile faili ya Kambale Vital, ule wa Kalemie, iliendea wapi? Mi mwenyewe niliandika iko muzima. Sasa bantu banafungua, banakuta alizikwa. Kahambu iko mu kilio tangu jana."

Mardochée alianza kwa kumlaumu Paulin. Programu yake ilikuwa imeandika makosa sifuri, na makosa sifuri ni makosa sifuri. Hata hivyo, ili amkomeshe karani, alihesabu. Mafaili yalikuwa mia tatu na kumi na mawili, kurasa mia mbili sitini na nane. Alihesabu tena, safari hii polepole. Watu arobaini na wanne walikuwa wamemezwa na programu, na programu ilikuwa imempongeza.

Akawatafuta akina Kambale Vital, akakuta mafaili mawili. La kwanza, la wiki iliyopita, lilisema kijana, alikuwa Goma, yuko Kalemie, mzima. La pili, la Jumapili, lilisema kijana, alikuwa Goma, amezikwa. Hakusoma zaidi. Alikuwa na haraka ya kwenda kuwa mwokozi.

Huyo Kahambu alikuwa mwanamke muuzaji wa maharagwe kwa jumla. Wiki nzima alikuwa Kipushi kwenye mzigo, na Jumatatu aliporudi nyumbani Naviundu akafungua tovuti, akasoma kwamba mdogo wake amezikwa. Mardochée alipofika alikuta bashe, turubai la msiba, limetundikwa uani, wanaume kwenye viti vya plastiki, Kahambu kwenye mkeka katikati ya wanawake. Penye moto alisimama Virginie, jirani wa Kahambu sokoni, akisonga bukari, ugali wa watu hamsini.

"Ingénieur," Virginie alimwita. "We njo ulinipatia Vital, mutoto yangu, wiki ilipita. Ile kuku ulikula?"

Mardochée alikuwa amemla kuku yule mpaka shingo, huku akijisifu. Alimshukuru tena Virginie, akapita, akasimama mbele ya watu na kompyuta yake kifuani. Alisema kosa ni lake, kwamba Kambale Vital wako wawili na programu ilimfuta mmoja, na kwamba aliyefutwa yuko hai Kalemie. Alikuwa ameandaa na maelezo ya kitaalamu. Hakuna aliyeyataka.

"Wangu iko gani?" Kahambu aliuliza. "Soma jina ya mama."

Ilibidi aufungue mstari aliowaficha watu kwa ajili ya urembo. "Wa Kalemie, mama ni Katungu."

"Njo mama yetu," Kahambu alisema, akajifunika uso kwa kitenge, akalia kilio kingine. Wanawake walimkumbatia. Mtu alianza wimbo wa shukrani. Mardochée, Mungu amsamehe, alijisikia vizuri, na macho yake yakateremka kwenye faili la pili.

Virginie alikuwa amesogea karibu, mwiko mkononi, macho yamejaa huruma.

"Na ule wa kufa," alisema, "mama yake iko nani? Tumutafute, asilie peke yake."

Mardochée alikuwa mtu wa kuwa na jibu. Siku ile alilisoma jibu mara tatu kimoyomoyo, akatamani programu ilimeze faili hilo mbele ya macho yake. Kisha akaacha kutazama skrini, akamtazama mama yule. Akaigeuza kompyuta, ajisomee mwenyewe jina lake.

Wimbo ulikatika. Kahambu aliinuka mkekani, akamwondolea Virginie mwiko, akamketisha mahali alipokuwa ameketi yeye. Bashe halikukunjwa.

Mardochée alikaa chini ya bashe hilo siku tatu. Kati ya sala na sala aliandika upya sehemu moja ya programu: majina yakigongana, isimame, iulize mama ni nani. Kuuliza si ujinga, hata mtoto anajua. Wale arobaini na watatu waliobaki aliwarudisha mmoja mmoja, akiwapigia jamaa zao yeye mwenyewe.

Ijumaa alileta kuku, akampa Kahambu, ambaye sasa ndiye aliyeshika daftari la waliokuja kutoa pole.

"Jina?"

"Mbuyi."

Kahambu alipitisha kidole kwenye orodha. "Ba Mbuyi biko batatu humu. Mama yako iko nani?"

"Kapinga," alisema Mardochée, akangoja mpaka aone limeandikwa.