Ngano Iliyolala Matopeni

Upepo wa khamsini, ule wa joto na mchanga wa jangwani, ulikuwa siku ya tatu ukivuma, na Bashandi akakuta ngano yote ya bustani ya makumbusho imelala kifudifudi matopeni, kama walevi waliotoka harusini.

Alishika kichwa. Ngano ile ilikuwa aina ya enzi za mafarao, na mbegu yake ilitoka konzi moja tu. Daktari Inayat, mkuu wa makumbusho, alimkabidhi mkononi akisema, "Mzee Bashandi, hakuna nyingine. Ikipotea, imepotea."

Naye akaipa mbolea ya yuria! Kisirisiri, mfuko mzima, kama afanyavyo shambani kwake kila mwaka. Ikarefuka hadi ikamficha ngamia na mpandaji wake. Ndivyo alivyowahadithia wageni. Kisha jana, alipoona majani yanajikunja kwa joto, akaifungulia maji huku upepo unavuma, udongo ukalainika na mizizi ikalegea. Kosa ambalo hata mbuzi wa kwao Minya hawezi kulifanya.

"Miaka hamsini ya jembe," mkewe Zanuba alisema, akipandisha gauni magotini, "halafu unanywesha ngano kwenye upepo? Si ungeipikia na chai kabisa!"

"Nyamaza, mama Hilali. Shika kamba."

Wakahangaika. Bashandi aliigeuza shadufu, ile ndoo ya kwenye mti mrefu iliyowekwa kupandisha maji ya mfereji wa Nile, akawa anayachota shambani na kuyarudisha mferejini. Zanuba alifunga mabua kwa nyuzi za mtende, moja moja. Upepo ukayalaza kumi kumi. Bashandi alibonyeza suke. Yakatoka maziwa matupu, punje bado hazijakomaa.

Daktari Inayat akatokea, ushungi unampeperuka. "Nini hiki?"

"Nile imefurika, Daktari! Nimeona kwa macho yangu, na mamba wawili..."

"Mzee Bashandi."

Bashandi akayatazama matope. "Ni mimi. Niliipa yuria."

Daktari hakumgombeza. Alipita akiinua mabua na kuyaachia, hadi kona ya ukutani, ambako yuria haikufika. Huko mashina saba mafupi, manyonge, yalikuwa yamesimama.

"Ni haya tu," alisema Daktari.

Bashandi akachuchumaa upande wa upepo, akaitandaza kanzu yake kama ukuta. Mchanga ulimchapa mgongoni.

"Utakaa hapo mpaka lini, wewe?" Zanuba aliuliza.

"Mpaka maziwa yawe punje."

"Wiki mbili hizo, baba Hilali!"

"Basi niletee mkate."

Zanuba hakucheka. Alichuchumaa kando yake, naye akatandaza shela lake. Upepo ukapita juu ya vichwa vyao, shina moja likavunjika. Yakabaki sita.