Koo la Mwau

Wengine watakwambia Nthenya alirogwa. Wacha waseme, midomo ni yao. Yeye alijua anachofanya.

Kazi yake pale mjini Wote ilikuwa kufundisha watoto viziwi kutamka. Mtoto anaweka vidole kooni mwa mwalimu: mwalimu akisema "ssss", koo limetulia, akisema "zzzz", linanguruma kama mashine ya kusaga unga. Ndivyo alivyoyajua makoo ya watu. La jirani yake Mwanamkasi, mzaliwa wa Mombasa, lilinguruma papo hapo kwenye "baba". La Mkamba husubiri sauti ya pua ianze: "mbaba", "ndawa". Chuoni aliambiwa kuna lugha za mbali ambazo koo huzimwa neno likifika mwisho, kama taa. Lakini koo la mtu hai, lugha yoyote ile, lazima lingurume mahali fulani.

Mumewe, Mwau, alichukuliwa na mafuriko ya mto Athi, mwili haukuonekana. Mwaka wa tatu, Jumapili baada ya kanisa, Nthenya akipepeta ndengu uani, huyo Mwau langoni, nguo kavu kabisa.

"Nthenya, kuna ndawa ya kichwa?"

Woi! Akamrukia. Akalia, akacheka, akamshika shingo. Mwau aliongea bila kukoma, sauti ile ile nzito. Lakini chini ya vidole vya Nthenya koo halikutikisika hata kidogo. Nywele zikamsimama.

"Umejua," Mwau akasema. "Siwezi kukaa hivi. Jua likizama koo likiwa bado kimya, nitarudi nilikotoka. Nifundishe kama unavyofundisha wale watoto."

"Na hiyo ngurumo itatoka wapi?"

Mwau akainamisha macho. "Kwako."

Hapo mwenye akili angetimua mbio. Nthenya aliogopa. Ila alikuwa amekula peke yake miaka mitatu, na kula peke yako si mchezo, usikie tu kwa watu. Akauchukua mkono wa mumewe, akauweka kooni mwake mwenyewe.

"Sema mbuzi."

"Mbuzi."

"Tena. Pole pole."

Walirudia mpaka jua likaegemea vilima. Mwishowe kitu kikatikisika kooni mwa Mwau, chini ya kidole cha Nthenya, kidogo, kisha kwa nguvu. Mwau akapiga kelele za furaha. Jioni ile walikula pamoja, na Nthenya akashiba kweli kweli.

Jumatatu alisalimia watu njiani, wakamjibu. Akamwita Mwanamkasi, akaitika. Hakuna aliyeona tofauti yoyote, naye akaanza kuamini kwamba hakupoteza kitu.

Darasani Ndila, msichana asiyesikia hata radi, akamkimbilia kama kawaida na kumwekea vidole kooni.

"Habari ya asubuhi, Ndila," Nthenya akasema.

Ndila akangoja. Akahamisha vidole, akangoja tena. Kisha akarudi nyuma hadi ukutani, akauliza kwa mikono: mwalimu yuko wapi?